Jembe Nyuma ya Mlango wa Jikoni

Kwa miaka mingi nimekana kwamba ninaogopa mizigo iliyofungwa. Nimekana mbele ya mume wangu, ambaye ananijua, na mbele ya wanafunzi wangu, ambao hata hawakuniuliza. Niliwahi kuandika makala, yenye maneno mengi marefu, nikieleza jinsi sisi watu wa umri wangu tulivyoyaacha nyuma mambo ya stesheni na kuendelea na maisha. Ilisifiwa. Siku ilipotoka nilikuwa na safari fupi ya Kipushi, na nguo zangu zilikuwa bado zimetandazwa kitandani, kwa sababu sijawahi kufunga begi kabla gari halijapiga honi nje. Mume wangu huuita huo uvivu. Mimi nilikuwa nauita falsafa. Sasa nimechoka, na mtu aliyechoka hana nguvu za kulisha falsafa. Ninaogopa. Nyumba yenye mafurushi sakafuni hainipi usingizi.

Nililazimika kulikubali hilo mwaka huu, tulipohama Kamalondo, mtaa wetu wa miaka yote hapa Lubumbashi.

Hatukuwa tumeomba kuhama. Mwenye nyumba alifariki, na watoto wake, ambao wanaishi mbali na hawajui hata bomba liko upande gani, waliiuza kwa mtu anayetaka kujenga maduka. Tulipewa hadi mwisho wa Oktoba. Kwa bahati, au tuseme kwa nusu ya bahati, tulikuwa na kiwanja chetu upande wa Kasapa, mbele zaidi ya chuo kikuu, na tulikuwa tunajenga pale kama wanavyojenga watu wengi wa hapa: mwaka huu ukuta, mwaka kesho dirisha, na mwaka unaofuata tunakwenda Jumapili kuutazama ukuta na dirisha. Matofali tuliyachoma kutokana na kichuguu kilichokuwa katikati ya kiwanja, kikubwa kuliko nyumba yenyewe ilivyokuja kuwa. Kilichobaki ni kilima kidogo cha udongo mwekundu nyuma ya jiko. Nyumba ina bati na milango ya nje. Madirisha ya mbele yana vioo. Ya nyuma yana maturubai. Lubumbashi nyumba ya namna hiyo huitwa nyumba iliyokwisha.

Mume wangu ni wakala wa forodha Kasumbalesa. Kazi yake ni kuvusha mizigo ya watu mpakani, na mzigo pekee ambao haujawahi kumpata wakala ni wa nyumba yake. Kila nilipompigia nilisikia malori yakinguruma nyuma ya sauti yake. Aliahidi kwamba dereva mmoja anayemfahamu atashusha shehena mjini na atakuwa na lori tupu Jumamosi ya mwisho wa mwezi. "Wewe kazi yako ni kupanga tu," alisema. Sijui ni nani aliyewafundisha wanaume neno hilo "tu".

Lakini tatizo halikuwa lori. Tatizo lilikuwa mama yangu.

Nyumba ya Kamalondo aliipanga baba zamani, tulipotoka Likasi. Baba alipofariki, mimi na mume wangu tulihamia kwa mama ili asibaki peke yake, na tangu hapo tunapenda kuwaambia watu kwamba mama anaishi kwetu. Mama husikiliza maneno hayo bila kuyasahihisha, kama anavyosikiliza habari za redio. Nilipomwambia kwamba nyumba imeuzwa, alikuwa anachambua lenga-lenga, mchicha wa huku kwetu, alizochuma kwenye matuta yake kando ya choo.

"Mama, nyumba banaiuzisha."

"Nilisikia."

"Batabomoa yote."

"Babomoe. Miye nitakuwa hapa ng'ambo, kwa mwenzangu. Chumba iko."

Mwenzake ni jirani yetu wa upande wa pili wa ukuta, mjane Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka Maniema, na anauza vikwembe, yaani vitenge vya kujifunga, sokoni. Wameazimana chumvi kwa miaka mingi kiasi kwamba sidhani kuna anayejua tena chumvi ni ya nani. Nilimwendea kumwomba amkatalie mama. Alinitazama kana kwamba nimemwomba amfukuze.

"Miye naweza kumukatalia yaya?" aliniuliza, kwa kuwa humwita mama yaya, dada mkubwa. "Yaya akisema anakuja, anakuja. Lakini, mama, ile chumba iko na madebe ya mawese chini na marobota ya vikwembe mpaka juu. Atalala wima."

Hicho ndicho kilichokuwa mbele yangu. Katika wiki zile, ama mama angekuja Kasapa nasi, ama angebaki Kamalondo katika chumba cha mawese cha mtu mwingine, uzeeni mwake, na mimi ningevuka mji kila siku kwenda kumtazama, nikijua kwamba jiji zima linasema binti wa Likasi amejenga nyumba na kumwacha mama yake nje. Nami nina udhaifu: napenda jiji linisifu.

Nilifanya nilichosomeshwa kufanya, yaani nilipanga. Niliomba katoni kwenye duka la dawa. Nilizigawa kwa vyumba, nikaziandika kwa kalamu nene: JIKONI, VYOMBO VYA KILA SIKU, JIKONI, VYOMBO VYA WAGENI. Kila asubuhi kabla ya kwenda kufundisha nilifunga katoni moja au mbili, nikiwa na macho mekundu, kwa sababu nilikuwa nimelala vibaya. Nililaumu joto la Oktoba. Nililaumu umeme, ambao hukatika kila unapohitaji feni. Sikuzilaumu katoni.

Niliporudi mchana, sahani za wageni zilikuwa kabatini.

Mara ya kwanza nilidhani niliota kwamba nimezifunga. Umri wangu unaruhusu. Nilizifunga tena. Kesho yake zilikuwa tena kabatini, safari hii zimeoshwa. Nikaanza kujisomea habari za kusahau kwa wanawake wa makamo, na nilikuwa nimeshajipatia ugonjwa mmoja mzuri sana hadi siku niliporudi mapema kwa sababu shuleni hapakuwa na maji. Nilimkuta mama ameketi sakafuni, miguu imenyooshwa, anatoa vikombe kutoka kwenye magazeti na kunyoosha kila gazeti juu ya paja lake.

"Mama, uko unafanya nini?"

"Naangalia kama bintu biko bizima."

"Nilibifunga asubuhi. Bitaharibika namna gani?"

"Kintu ukishafunga, unajua nini tena?" Aliinua kikombe juu, akakitazama dhidi ya mwanga wa dirisha. "Kama iko wazi, naiona. Ukifunga, naona karatasi."

Kwa kawaida mama huniita "mama", kwa kuwa nimerithi jina la mama yake. Akinikasirikia huniita madamu. Siku ile, nilipoanza kurudisha vikombe kwenye katoni, aliniambia, "Madamu, acha vikombe vipumue." Niliacha. Nilikwenda chumbani, nikalala mchana kwa mara ya kwanza tangu katoni zilipoingia.

Ningepaswa kuelewa hapo. Sikuelewa. Nilichoelewa ni kwamba mama huenda kanisani Jumapili na misa ya kwao ni ndefu.

Jumapili iliyofuata, alipotoka tu, nilifunga nyumba nzima. Katoni ziliisha kabla vitu havijaisha, nikatumia mashuka, na mashuka yalipoisha nikatumia vikwembe vya mama mwenyewe. Unatandika kitambaa, unarundika vitu katikati, unakutanisha pembe na kupiga fundo juu ya fundo. Mikono yangu ilifanya kazi hiyo haraka kuliko kichwa. Nilishangaa jinsi ninavyoijua. Kisha nikayatoa mafurushi yote barazani, nikayapanga kando ya ukuta pamoja na magodoro yaliyokunjwa na sanduku la bati la baba mbele kabisa, ili nimpigie picha mume wangu na dereva ajue ukubwa wa mzigo. Mume wangu alijibu kwamba lori litatosha. Nilikaa juu ya furushi la mablanketi kumngoja mama, nimechoka na nimeridhika.

Alifungua lango, akasimama. Alikuwa na Biblia kwapani na kitambaa cha kanisa kichwani. Alitazama baraza kutoka mwanzo hadi mwisho. Halafu akatembea taratibu, akaketi juu ya sanduku la bati, akaiweka Biblia magotini na mikono juu yake, akaangalia barabarani.

"Mama, ingia ndani, jua ni kali."

"Apana. Niko muzuri hapa." Kisha akaniuliza kwa upole kabisa: "Treni inafika saa ngapi?"

Nilidhani akili yake imeondoka. Nikapiga magoti mbele yake, na ndipo nikaona macho yake. Akili ilikuwa mahali pake, kali kama sindano. Alikuwa ananidhihaki. Niligeuka kuangalia alichokuwa anakiangalia, na kwa mara ya kwanza nikaona nilichokijenga kwa mikono yangu pale barazani: ukuta, magodoro, mafundo, mama juu ya sanduku, na mimi juu ya furushi.

Tulikuwa Likasi. Nilikuwa msichana wa sekondari. Nimezaliwa pale, na babu alikuja pale kufanya kazi ya reli kabla hata baba hajazaliwa, lakini mwaka ule sisi wenye asili ya Kasai, mkoa mwingine wa mbali, tuliambiwa na wakubwa wa mkoa turudi kwetu, na kwetu ilikuwa mahali ambapo mimi nilikuwa sijawahi kupaona. Baba alifunga nyumba. Alijua kufunga kuliko mtu yeyote. Mafundo yake hayakulegea. Tulikwenda stesheni na kukaa kwenye jukwaa pamoja na maelfu ya watu, kila familia juu ya mizigo yake, tukingoja treni. Tulingoja wiki baada ya wiki. Treni zilifika, zikajaa, zikaondoka. Mama aliugua na baba hakutaka kumpandisha akiwa katika hali ile, kwa hiyo tuliendelea kungoja. Mvua ilianza. Mafurushi yalilowa ndani kwa ndani, na hatukujua hadi yalipoanza kunuka. Mengine yalichukuliwa tukiwa tumelala juu yake. Mengine tuliyabadilisha kwa unga, bila hata kuyafungua. Mwishowe baba alipata lori la kuja Lubumbashi, ambako kulikuwa na utulivu kidogo, na tukashuka Kamalondo na sanduku la bati, nguo tulizovaa, na jembe la mama.

Jembe halikufungika. Mpini ulikuwa mrefu. Ndiyo maana mama alilishika mkononi muda wote ule, hata alipokuwa mgonjwa, hata alipokuwa usingizini. Na ndiyo maana halikupotea.

Hayo yote nilikuwa nayajua. Nimeyasimulia mezani kwa wageni, kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za nchi nyingine. Barazani pale sikuwa na sauti hiyo. Nilifungua fundo la kwanza, na mama akainuka akafungua la pili. Tulirudisha kila kitu mahali pake hadi jioni: sufuria kwenye rafu, mashuka kitandani, kalenda ya zamani ukutani. Mgongo wangu ulikuwa unawaka. Nilikuwa nimeutumia mwezi mzima kupanga, na Jumamosi ilikuwa mbele yetu, na ndani ya nyumba hapakuwa na hata kijiko kimoja kilicho tayari kuondoka.

"Mama," nilisema, "na tusipofunga?"

"Namna gani?"

"Tubebe tu. Kama bantu wa kwenda matanga."

Hapa kwetu familia ikifiwa, ndugu na majirani hubeba sufuria, viti, mabeseni na magodoro hadi nyumba ya msiba, mkononi na kichwani, bila kufunga chochote, kwa kuwa kila mtu anajua vitu vitarudi. Mama aliinyoosha kalenda ukutani.

"Matanga ya nani?"

"Ya akili yangu."

Alicheka, kicheko kidogo kilichotokea puani. "Ile ilikufa zamani," alisema. Halafu akanyoosha kidole. "Bon. Nitakuja kuangalia mahali mutaweka bintu yangu. Kuangalia. Jioni narudi kwa mwenzangu. Na jembe inabaki hapa."

Jembe lilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, mahali linapokaa siku zote. Nilisema ndiyo. Sikuwa na nguvu za kusema kitu kingine.

Jumamosi mume wangu alifika alfajiri kutoka Kasumbalesa, amevaa shati alilolalia. Lori lilifika baadaye. Dereva aliingia ndani, akatazama vyumba, akatoka tena.

"Madamu, mizigo iko wapi?"

"Ni hii unayoiona."

"Hii ni nyumba. Mi nauliza mizigo."

"Hatukufunga."

Alivua kofia. "Madamu, nilibeba sementi. Nilibeba mbuzi. Nilibeba jeneza na mwenyewe ndani. Lakini nyumba ya wazi hivi, sijabeba."

"Leo utabeba," mama alimwambia akipita na beseni la vikombe kifuani. "Na uende pole."

Jirani yetu alileta mabeseni yake yote. Tulibeba sahani zikiwa zimelala juu ya taulo, vitabu kwa mikupuo, taa ikiwa na balbu yake, sufuria ya maharagwe ikiwa na maharagwe. Mtaa ulituona tukitoka na viti na magodoro wazi, na mtaa ukafikiri kile ambacho mtaa wowote wa Lubumbashi ungefikiri. Watu wakaanza kufika kutupa pole. Mama mmoja alifika akiwa ameshajifunga kikwembe kiunoni na machozi yakitiririka.

"Ni nani? Ni yaya?" alilia.

"Yaya niko hapa," mama alisema. "Shika kiti hicho, peleka kwa lori. Utalia kesho."

Mama yule alipangusa uso na kubeba kiti. Walibeba wote. Sijui kama walielewa, lakini mtu akiwa tayari kwa msiba hawezi kusimama tu mikono mitupu.

Mama alipanda mbele kwa dereva, na mkoba wake mapajani. Mume wangu alikaa nyuma, amekumbatia beseni la bilauri kama mtoto mchanga. Walikwenda. Mimi na jirani tulibaki kufagia na kungoja lori lirudi kuchukua kilichosalia na kumrudisha mama.

Nyumba iliyohamwa ina mwangwi unaokufanya useme polepole. Tulifagia vumbi la miaka mingi, na chini yake tukakuta rangi ya sakafu niliyokuwa nimeisahau. Jirani alileta chai, tukakaa kwenye kizingiti. Nyuma yetu, mlangoni, jembe lilisimama na udongo mkavu kwenye bapa lake. Alasiri ilikuwa nzito. Upande wa Kasapa mbingu ilikuwa imekuwa nyeusi kabisa. Huku Kamalondo upepo ulirusha mifuko ya plastiki tu, hata tone halikuanguka.

"Nimetoa madebe," jirani alisema bila kunitazama. "Nimetandika. Nimetia hata pazia. Asije akasema nilimupokea vibaya."

"Asante, mama."

"Usiniambie asante. Miye sitaki akae kwangu." Alikunywa chai. "Lakini nataka akae karibu. Sasa nifanye nini?"

Tulikaa hivyo, wanawake wawili tusiokitaka na tunaokitaka kitu kilekile, hadi simu yangu ilipolia. Ilikuwa namba ya mama. Mama ana simu ndogo ya vibonye ambayo huitumia kupokea tu. Yeye mwenyewe hupiga simu pale tu mtu anapokufa. Kwa haraka niliigusa yangu vibaya mara ya kwanza.

"Mama? Kuna nini?"

"Unapiga kelele juu ya nini?" Nyuma yake kulikuwa na mshindo mkubwa, na ilinichukua muda kutambua kwamba ni mvua juu ya bati letu. "Huku mvua inanyesha."

"Vitu vimelowa? Maturubai yanashika?"

"Nani anakuuliza bintu? Bintu biko ndani, nabiona vyote. Sikia. Ile udongo ya kichuguu, nyuma ya jiko."

"Ndiyo, Mama."

"Inalowa muzuri. Kesho itakuwa tayari. Mbegu yangu ya mahindi iko mu kopo ya maziwa, dirishani, na ya lenga-lenga iko mu kitambaa pembeni. Ulete."

Jirani alikuwa ameinama karibu na sikio langu, anasikia kila neno, kwa kuwa mama hupiga simu kama mtu anayeita ng'ambo ya mto.

"Lakini ulisema unarudi jioni," nilisema. "Chumba kimetandikwa. Kuna hata pazia."

Chini ya mshindo wa mvua nilimsikia akiburuta kiti.

"Ambia mwenzangu arudishe mawese yake mu chumba," mama alisema. "Pazia akuje nayo huku, dirisha ya nyuma iko uchi. Na jembe, mama, usiifunge na kitu. Ushike mu mukono."